Zamu wa Ngozi

Njoo ukae hapa chini ya mwembe, mwanangu. Umeniuliza swali zuri, nami nimelipenda: "Mjomba, nikipaka mafuta ya jua na nisiungue, basi jua halikunifanya kitu?"

Tazama barabara yetu hapa mtaa wa Golf, Lubumbashi. Kila lupango, yaani kiwanja cha nyumba, lina ukuta na geti, na nyuma ya geti yuko zamu, yaani mlinzi. Mwizi akiruka ukuta, zamu anapiga filimbi. Ngozi yako nayo ni lupango. Ngozi yako nayo ina zamu.

"Mbona simwoni?"

Ni seli, mdogo mno. Mwaka 1868, kule Berlin, mwanafunzi wa udaktari Paul Langerhans alimwona kwa hadubini. Kwa ile mikono yake mirefu, akadhani ni neva! Msikilize: "Mimi ni zamu wa ngozi. Nanyoosha mikono, napapasa. Kijidudu kikiingia, nakamata kipande chake, nakimbia kuwaonyesha askari wa mwili. Lakini jua kali likinipiga, nalegea. Wenzangu wengine wanahama kabisa."

Sasa, ile namba 30 au 50 kwenye chupa wanaipataje? Mtu anapakwa mafuta, anamulikwa, kisha wanaangalia kama ngozi imekuwa nyekundu. Yaani wanatazama ukuta. Zamu hawamwulizi kama yuko macho.

"Kwani ukuta ukiwa mzima, zamu si mzima?"

Umeuliza vema sana! La, si lazima. Jua lina miale ambayo macho hayaioni. UVB ndiyo hasa inayounguza. UVA huunguza kidogo tu, lakini huzama ndani zaidi, hata kioo cha dirisha hupita. Na zote mbili humlegeza zamu. Mafuta yanayozuia UVB peke yake ni sawa na kufunga geti na kuacha mlango wa uani wazi.

Mwaka 2003, Gary Halliday na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walimpima zamu mwenyewe. Walichukua watu ambao ngozi yao huwashwa na nikeli, wakatazama kama baada ya miale zamu bado anapiga filimbi, yaani kama ngozi bado inawashwa. Mafuta yaliyomlinda vizuri ni yale yaliyozuia UVA pia.

"Na sisi weusi?"

Rangi yetu ni mwavuli mzuri, lakini si paa la bati. Na Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka baharini, jua linatufikia likiwa kali. Mwenzako mwenye ualbino hana hata huo mwavuli. Ndiyo maana kule Moshi, Tanzania, hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu kama yeye.

Basi soma chupa, utafute neno UVA. Paka mengi, maana wengi wetu tunapaka nusu ya yale yaliyotumika kwenye kipimo. Rudia kila baada ya saa mbili. Na saa sita mchana, ukimwona mwenzako yule anacheza mpira juani, mwite aje kivulini, umpe na kofia yako.