Je, Wajua? Asumini hungoja jua lizame

Matumba ya asumini huchumwa alasiri, yangali yamefumba, kwa sababu hufunguka na kumwaga harufu jua likishazama. Ndiyo maana kwenye mitaa ya Lamu, Mombasa na Unguja mwasumini uliotambaa ukutani hunukia zaidi usiku. Wanawake wa pwani huyatunga maua hayo kwa uzi wakayavaa nywelani, au huyachanganya na mrihani kufunga kikuba. Kitanda cha maharusi nacho hakikosi maua hayo.

Huko Fuzhou, China, mwenye kufaidi ni chai. Majani makavu huchanganywa na matumba jioni, yakalala pamoja, na kadiri maua yanavyofunguka chai huinyonya harufu. Kisha maua huchekechwa na kutolewa, na mengine mapya huletwa; chai bora hupitia kazi hiyo mara kadhaa. Ukikuta maua mengi kikombeni, basi aghalabu ni pambo tu.

Ufilipino nayo imeifanya asumini ua la taifa tangu 1934.

Mbegu usihangaike kuzitafuta, maana mmea huu huzaa kwa nadra. Mwombe jirani kitawi, ukichomeke kwenye udongo wenye unyevu.