Mtaji wa Naivasha ni maji

Jumamosi, kabla ya saa mbili asubuhi, baiskeli huwa zimeshapangwa safu ndefu kwenye njiapanda inayochepuka kutoka barabara ya Moi South Lake kuelekea lango la Elsa. Mwenye kukodisha hubinya kila tairi kwa gumba, huzungusha kanyagio akisikiliza mnyororo, kisha hukaza breki mara mbili. Mteja akifika, humpima kwa macho kuanzia kiunoni hadi kisiginoni na kuinua kiti bila kuuliza. Pembeni pana kopo la gundi, viraka na pampu, maana mwiba wa mgunga hautofautishi tairi jipya na kuukuu. Wikendi ikiwa nzuri, jua halijawa kali na safu nzima imeshakwenda.

Baiskeli hizo zimebeba uchumi mpana kuliko zinavyoonekana. Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984 kwenye eneo la kilomita 68 za mraba hivi, ni mojawapo ya hifadhi chache nchini Kenya ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga, ngiri na swala. Simba si wa kawaida huko, na njia kuu ni tambarare: kutoka lango la Elsa, kupita mnara wa mawe wa Fischer, hadi karibu na korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8. Nairobi iko mwendo wa kilomita 90 hivi. Mtu hupanda matatu hadi mji wa Naivasha, akapanda nyingine inayozunguka kusini mwa Ziwa Naivasha, akamalizia kwa bodaboda. Hahitaji gari la utalii. Kwa hiyo hapa utawakuta wanafunzi wa chuo, vijana wa kanisa, akina mama wa chama waliochangishana mwaka mzima, na familia inayomleta mtoto aone twiga kwa mara ya kwanza bila kioo cha dirisha kati yao.

Tofauti ya mgeni huyu na yule wa gari ni jinsi anavyotoa pesa. Safari ya gari mara nyingi hulipwa yote kwa mkupuo, mbali na ziwa, kabla mgeni hajaondoka kwao. Mtembezi hulipa kidogo kidogo, na hulipa palepale. Nauli humfikia utingo na mwenye bodaboda. Kodi ya baiskeli huchukuliwa njiapandani. Maji na mahindi ya kuchoma hununuliwa kibandani. Akirudi amechoka, hushuka Kamere, ufuoni, akala samaki wa kukaanga na ugali. Wanaolala huko, wengi hulala kwenye hema chini ya migunga ya manjano. Noti moja ya shilingi elfu moja inaweza kugusa mikono mitano kabla ya jua kutua, na mikono yote mitano ni ya watu wa kando ya ziwa. Kiingilio cha lango peke yake ndicho kinachokwenda juu, kwa Shirika la Wanyamapori nchini, KWS.

Upande wa boti hesabu ni nyingine. Bei hutajwa kwa boti nzima na kwa saa, si kwa kichwa, hivyo wageni wanaojuana na wasiojuana hupatanishwa ufuoni ili wagawane gharama. Mwenye boti ana injini ya kufanyiwa ukarabati, mafuta yasiyoshuka bei, leseni na jaketi okozi zinazotakiwa zimtoshe kila abiria. Anachouza ni ujuzi wa maji. Anajua kundi gani la viboko lina ndama na linapaswa kupitwa kwa mbali. Anajua pia mti anaolala furukombe, tai mla samaki mwenye kichwa cheupe.

Hapo ndipo ufundi wake huonekana. Huchukua samaki mdogo, akamsokomeza kipande cha bua la mafunjo mdomoni ili asizame, akapiga mluzi mrefu na kumrusha majini. Furukombe hujibwaga kutoka mtini, akateleza juu ya maji, akanyoosha kucha na kuondoka na samaki. Tukio lote ni la sekunde chache, na ndilo picha ambayo mgeni ataionyesha nyumbani kwa miaka.

Boti hizo ndizo zinazowavusha wageni hadi Crescent, kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo ambacho ni ukingo wa kreta ya kale. Hakuna wanyama wakubwa wakali wa nchi kavu, kwa hiyo watu hutembea kwa miguu kati ya nyumbu, kuro, pundamilia na twiga. Kwa familia yenye mzee au mtoto asiyeweza baiskeli, matembezi hayo ndiyo safari kamili.

Kisha wapo watazama ndege, ambao ni wachache lakini wana faida. Eneo la ziwa limehesabiwa kuwa na zaidi ya spishi 400. Kuanzia Oktoba hadi Aprili huongezeka ndege wahamao wanaoikimbia baridi ya Ulaya na Asia, na kila Januari watafiti na watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa. Mtazama ndege huamka alfajiri, hukaa siku kadhaa, na hulipa vizuri kwa kiongozi anayemtambua mdiria kwa mlio tu. Isitoshe, huja hata siku za katikati ya wiki, wakati baiskeli zimelala. Kijana wa Naivasha anayejifunza majina ya ndege anajenga ajira isiyongoja sikukuu.

Hayo yote yanasimama juu ya maji, na maji ya Naivasha hayatulii. Ziwa hili liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, halina mto unaotoka juu ya ardhi, na bado maji yake ni baridi, si ya magadi kama ya jirani zake wengi. Mwaka 1995 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2009 ukame ulilisukuma nyuma hadi nguzo za gati zikabaki juu ya tope. Mwongo uliofuata lilipanda, na mwaka 2020 likavamia nyumba za mtaa wa Kihoto. Mafuriko yamerudi tena baadaye. Migunga iliyokuwa kivuli cha kambi imekufa ikiwa imesimama majini. Fuo za umma zimemezwa, na mahali pa kupandia boti pamehamishwa zaidi ya mara moja. Viboko waliokosa malisho yao husogea usiku hadi kwenye vichochoro vya watu, na kila anayejeruhiwa au kuuawa ni majonzi ya nyumba fulani kabla ya kuwa habari mbaya kwa utalii.

Maji ya ghafla nayo yameua. Aprili 2012, watu saba walisombwa na mafuriko katika korongo la Ol Njorowa. Septemba 2019 msiba ukajirudia, tena kwa watu saba, na korongo likafungwa. Mvua inaweza kunyesha mbali huku anga juu ya korongo ikiwa safi. Biashara inayouza miguu ya watu lazima iwe na mtu mwenye mamlaka ya kusema leo hapaingiliki, na wafanyabiashara wanapaswa kuwa wa kwanza kumuunga mkono, hata siku ya mauzo makubwa.

Kinachonisumbua ni kwamba karibu kila mtu kando ya ziwa hukusanya mapato kwa jina la ziwa, na ni wachache mno wanaolilipa ziwa lenyewe. Mfano wa kulilipa upo tayari, na ni wa hapahapa. Maji mengi ya Naivasha huletwa na mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua, na mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni huujaza mto udongo. Mwaka 2010 ulianza mpango uliosimamiwa na mashirika ya WWF na CARE, ambapo watumiaji wa maji wa chini, yakiwemo mashamba ya maua, waliwalipa wakulima wadogo wa Wanjohi na Turasha ya juu kwa vocha za pembejeo. Wakulima nao walipanda mikanda ya nyasi na miti ili kuzuia udongo usiteremke. Mkulima alipata vocha na malisho ya ng'ombe wake. Wa chini alipata maji yasiyo na tope.

Utalii wa mwendo wa taratibu unapaswa kuingia katika mpango wa namna hiyo kama mnunuzi wa maji, kwa sababu ndivyo ulivyo. Kiasi kidogo kwa kila baiskeli, kwa kila saa ya boti na kwa kila usiku wa hema, kikikusanywa na vyama vya wafanyabiashara wenyewe na kutangazwa hadharani, hakitamfukuza mgeni yeyote. Anayelipia kumwona furukombe ataelewa akiambiwa kwamba shilingi zake chache zinapanda nyasi mlimani. Serikali ya kaunti ya Nakuru nayo ina deni lake: kupima na kulinda fuo za umma, zenye njia ya mguu na choo, na kuzipanga ikijua kwamba maji yatapanda tena. Ufuo wa umma ukipotea, mwenye boti moja hugeuka mpangaji wa mwenye hoteli.

Jioni baiskeli hurudi njiapandani zikiwa na vumbi jeupe hadi kwenye usukani. Mwenye nazo huzifuta, huzihesabu na kutenga zenye pancha. Tairi anaweza kulitia kiraka kabla ya kulala. Udongo ulioshuka na Malewa hakuna wa kuuokota ziwani, na ndiyo maana mkulima wa Wanjohi anayepanda nyasi ukingoni ni mwenzake katika biashara hii. Wakati umefika naye alipwe kama mwenzake.