Ngoma za Burundi Ndani ya Roki (Sehemu ya Tatu)

Habari zimetufikia hapa Buyenzi kwamba vijana wa Carama, upande ule wa Kinama, wameanzisha ligala lao, yaani kijiwe cha kuzungumzia muziki wa roki. Jumapili mchana wanakaa mbele ya duka la mmoja wao, bafle limewekwa juu ya kreti tupu, simu imeunganishwa kwa waya. Wimbo unasikilizwa mpaka mwisho bila mtu kufungua mdomo, halafu mjadala unaanza. Wapo wa Metallica, wapo wa Nirvana, na hawasikilizani kwa urahisi. Baadhi ya wazee wa mtaa wananung'unika: vipi watoto wetu wanapoteza Jumapili nzima kwa makelele ya Wazungu?

Mimi nimefurahi mno, na kwa ajili yao nauvunja mpangilio wa makala haya. Tuliagana kwamba leo tungerudi Gishora, kilima cha ngoma za kifalme, kwenye miti ya umuvugangoma inayochongwa ngoma na namna ngozi inavyowambwa. Hilo litangoja. Leo nataka kuwaambia wazee wa Carama, na vijana wenyewe, kwamba ngoma za Burundi zimo ndani ya roki kweli kweli. Zimo kwenye sahani za santuri, zinasikika kwa masikio, na miaka inajulikana.

Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alizunguka Burundi akinasa muziki wetu. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilitolewa kwenye sahani na Ocora, lebo ya redio ya taifa ya Ufaransa. Naomba msomaji aitazame vizuri tarehe hiyo. Ufalme ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966. Yaani ngoma zile zilinaswa wakati ngoma za kifalme zilikuwa zimebaki bila mfalme, na umuganuro, ile sherehe ya mtama tuliyoieleza katika sehemu ya kwanza, haukuwa tena na mwami wa kuusimamia. Watu walioiona enzi moja ikifungwa walishika mirisho, zile fimbo za kupigia ngoma, wakapiga, na mgeni akanasa. Kila ninapoisikiliza sahani hiyo nasikia uzito ambao sijausikia katika maonyesho ya hotelini.

Kumbuka pia kwamba ngoma zetu hupangwa nusu duara. Ngoma za amashakwe hushikilia pigo moja lisiloyumba. Inkiranya, katikati, huongoza: anayeipiga ndiye anayeamua lini pigo ligeuke. Ibishikizo huifuata inkiranya. Hapo hakuna mtu mmoja anayepiga wimbo mzima, wimbo umegawanywa kwa watu. Mpiga dramu wa roki hufanya kinyume: anakaa peke yake, miguu na mikono yote ina kazi, na katika kila hesabu ya mapigo manne anaigonga ngoma ndogo kwenye pigo la pili na la nne. Ndiyo maana sahani ile ya Vuylsteke ilipofika masikioni mwa wanamuziki wa Ulaya iliwashtua. Walisikia nguvu waliyoizoea, lakini imejengwa kwa njia ambayo hawakuijua.

Wa kwanza kuichukua alikuwa Michel Bernholc, mpangaji muziki wa Paris. Mwaka 1971 alizichukua ngoma zile kama zilivyonaswa, akapachika kinanda na magitaa juu yake, akatoa sahani kwa jina la "Burundi Black". Msanii aliyeandikwa alikuwa Burundi Steiphenson Black, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa na mwanamke yeyote. Uingereza sahani hiyo ilipanda hadi nafasi ya 31. Nchi nzima imo katika jina la wimbo, lakini aliyepiga hayumo.

Mwaka 1975 Joni Mitchell, Mkanada mwenye kipaji kikubwa ambaye namheshimu, alizungusha kipande cha kanda ya ngoma zetu katika "The Jungle Line", kwenye albamu ya The Hissing of Summer Lawns. Yeye angalau alitaja kwenye jalada kwamba ni ngoma za mashujaa wa Burundi. Ni hatua. Hata hivyo "mashujaa" hawana anwani, na hakuna barua ya malipo inayoweza kuwafikia.

Halafu akaja Malcolm McLaren, yule aliyewahi kuwa meneja wa Sex Pistols, na hapa naomba tutulie kidogo. Mwaka 1979 kijana wa London aitwaye Adam Ant alimlipa pauni 1,000 ili amshauri jinsi ya kuifufua bendi yake, Adam and the Ants. McLaren akampa nyimbo za kusikiliza, na ngoma za Burundi zikiwemo. Mapema mwaka 1980 mshauri huyo huyo akawashawishi wanamuziki wa bendi wamwache Adam, akaunda nao Bow Wow Wow. Wimbo wao wa kwanza, niliousikiliza mara nyingi kwa sababu ya mapigo yake, ulisifu tabia ya kunakili muziki kwenye kaseti nyumbani. Adam hakukata tamaa. Alitafuta watu wapya, akaweka wapiga dramu wawili badala ya mmoja ili ngoma nene zizungumze. Wawili kwa sababu kazi iliyogawanywa kwa watu haiwezekani kwa mtu mmoja! Albamu yao, Kings of the Wild Frontier, ilitoka Novemba 1980 na ikashika namba moja Uingereza. Magazeti ya huko yakaanza kuzungumzia "mapigo ya Burundi" kama mtindo wa msimu, sawa na kofia au viatu.

Wapigaji wetu wenyewe walipanda jukwaani Uingereza Julai 1982, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, lililoandaliwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake. Bendi ya Echo & the Bunnymen kutoka Liverpool ilipiga pamoja nao. Tamasha lilipata hasara kubwa, na Oktoba mwaka huo Gabriel alirudi kuimba kwa onyesho moja na wenzake wa zamani wa bendi ya Genesis ili kulipa madeni. Mimi nampa heshima yake. Aliyetaka ngoma alimwita mwenye ngoma.

Sasa jambo linaloniuma. Sheria za Ulaya za wakati ule ziliuona muziki wa asili kama mali isiyo na mwenyewe: aliyeupanga ndiye aliyeandikishwa, ndiye aliyekula. Lakini tusiwatupie wengine lawama yote. Je, sisi tuliandika majina? Mtu hawezi kudai shamba ambalo hajawahi kulitaja jina mbele ya shahidi. Leo tunayo ofisi ya haki za watunzi, OBDA, na tangu 2014 UNESCO imeiorodhesha ngoma ya kifalme katika urithi wa binadamu. Heshima hizo zote zimeandikwa kwa jina la taifa. Mtu aliyeshika mirisho mwaka 1967 bado hana jina.

Nimeambiwa ligala la Carama lilianza na mwimbaji wa roki Freddie Mercury, kwa kuwa alizaliwa Unguja mwaka 1946. Ni sawa, ingawa aliondoka na familia yake mwaka 1964 na muziki wake aliufanyia London. Zanzibar ilimtoa mtu. Burundi imetoa sauti yenyewe, na hilo ni kubwa zaidi. Wasikilizeni pia wanabendi wa WITCH wa Zambia, na Sunburst wa Dar es Salaam walioirekodi Ave Africa mwaka 1976, mpate kujua kwamba gitaa la umeme lenye kukwaruza lilikuwa na wenyewe upande huu wa Afrika kabla ninyi hamjazaliwa.

Nimesikia pia kwamba baadhi yenu mnataka kuunda bendi na kuweka ngoma kando ya gitaa. Fanyeni, ila jueni sheria. Amri ya rais ya Oktoba 2017 inataka vikundi vya ngoma vitambuliwe na wizara, na onyesho lisilo la serikali liombewe ruhusa na lilipiwe faranga 500,000. Amri hiyo inawakataza pia wanawake kupiga ngoma, wamebakiziwa kucheza. Kwangu hilo ni kosa, na linafaa kujadiliwa kwa adabu na bila woga. Msichana wa Carama anaruhusiwa kupiga dramu za roki zenye mapigo yaliyotoka kwetu, lakini haruhusiwi kuigusa ngoma yenyewe.

Wengi wenu mna babu Gitega, Muramvya au Bukirasazi. Mkienda likizo, chukueni daftari. Waulizeni waliokuwa wakipiga miaka ya sitini: nani aliishika inkiranya, nani alisimama kulia kwake, mtoto wa nani, kilima gani. Yaleteni majina hayo katika ligala lenu, yasomwe kabla bafle halijawashwa, na nakala mniletee Buyenzi. Nitayachapisha hapa yote, hata yakijaza ukurasa mzima.