Kwa nini kimbunga kiliua wanawake zaidi?
KIMBUNGA kilipopiga pwani ya Bangladesh Aprili 29, 1991, watu wapatao 138,000 waliangamia. Kati ya wenye umri wa miaka 20 hadi 44, walikufa wanawake 71 katika kila 1,000. Wanaume walikuwa 15.

Tahadhari ilitolewa, lakini wengi walibaki nyumbani na watoto wakisubiri idhini ya waume. Wengine waliogopa majengo ya kujikinga yaliyojaa wanaume, bila vyoo vya wanawake. Fundi gani husahau choo?

Baadaye fedha za misaada zilijenga vyumba na vyoo vya wanawake, nao wakaandikishwa kutoa tahadhari nyumba kwa nyumba. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua watu wapatao 3,400. Bado wengi wao wakiwa wanawake.