Sikio la moteri likivunjika: usikimbilie kuchomelea

Motokultere ya koperative inaweza kusimama msimu mzima juu ya kipande cha aluminiamu kinachotoshana na vidole viwili. Mafundi wanakiita sikio. Ni ile sehemu yenye tundu inayotokea pembeni ya karteri ya moteri ao ya sanduku la gia, ambamo buloni inapita ili kufunga mashine kwenye shasi. Likivunjika moja, moteri inaanza kucheza, mkanda unaruka kwenye puli, na kisha siku chache sikio la pili linafuata. Wakati huo mvua za mwezi wa 9 zimeshaanza, na wanamemba wote wanangojea zamu yao ya kulima.

Kwa mashine mpya mtu anaweza kutafuta karteri nyingine. Lakini motokultere nyingi za koperative ni za zamani, zimepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwetu. Kipuri chake hakipatikani tena, ao bei yake inakaribia ile ya moteri nzima. Kwa hiyo sikio linatengenezwa hapa hapa, na linaweza kutengenezwa vizuri likadumu miaka. Shida ni kwamba watu wanalitengeneza kana kwamba ni chuma, na aluminiamu haina tabia ya chuma.

Juu ya nini linavunjika?

Watengenezaji wanatumia aluminiamu kwa sababu ni nyepesi, uzito wake ni karibu theluthi moja ya ule wa chuma, na inatoa joto la moteri haraka. Ubaya wake ni kwamba aluminiamu iliyomiminwa haikubali kupinda. Chuma kikizidiwa kinajikunja kwanza, unakiona. Karteri yenyewe inapata ufa mdogo, ufa unatembea kidogo kidogo kila moteri inapotikisika, halafu siku moja sikio linakatika ghafula.

Angalia mahali palipokatika kabla ya kupaosha. Kama upande mmoja ni mweusi, una mafuta na vumbi, na upande mwingine unang'aa, basi ufa ulikuwako tangu zamani. Ile sehemu inayong'aa ndiyo tu iliyokatika siku ya mwisho. Hapo njo unajua kwamba sababu ni mtikisiko. Kama pote panang'aa, mashine iligongwa: meno yamepiga jiwe, ao watu waliipakia kwenye gari kwa kuinua moteri badala ya kuinua shasi. Walimaji wa Kibati na Munigi wanajua vizuri mawe ya volkano yaliyojificha chini ya udongo. Kila meno yanapopiga jiwe, pigo linapanda kwenye shasi paka kwenye masikio.

Sababu ya kawaida kabisa ni buloni iliyolegea. Masikio manne yanagawana kazi. Moja likiacha, matatu yanabeba mzigo wa manne. Lakini kuna sababu nyingine inayosahauliwa, nayo ni shasi iliyopinda. Weka moteri juu ya shasi bila buloni yoyote. Kama mguu mmoja unaelea, na unaweza kupitisha kipande cha bati chini yake, usikaze kwanza. Ukikaza, buloni itavuta ule mguu ushuke kwa nguvu, na sikio litakaa limepindishwa mchana na usiku, hata moteri ikiwa imezima. Jaza nafasi hiyo kwa bati lenye unene ule ule, ndipo ukaze. Ni kazi ya dakika 10. Bila hiyo, sikio litavunjika tena hata likitengenezwa na fundi bora wa Goma nzima. Tazama pia mkanda: ukikazwa kupita kiasi unavuta moteri upande mmoja siku yote.

Kuchomelea aluminiamu

Wachomeleaji wetu wengi wamezoea milango na madirisha ya chuma, na kazi hiyo wanaijua. Lakini bageti ya chuma haishiki kwenye aluminiamu. Hapa hata mkono mzuri hausaidii, kwa sababu vyuma hivyo viwili haviungani kwa njia hiyo. Kinachobaki ni donge lililokaa juu, nalo litabanduka. Kisha hapo utakuwa umeharibu mahali ambapo fundi mwingine angeweza kufanya kazi.

Hata mwenye bageti za aluminiamu anakutana na mitego. Aluminiamu ikiguswa na hewa inajifunika ngozi nyembamba ambayo jicho haliioni. Aluminiamu safi inayeyuka kwenye digrii 660, na ile ya karteri, iliyochanganywa na silikoni, inayeyuka mapema zaidi. Lakini ile ngozi haiyeyuki paka kupita digrii 2000. Kwa hiyo ndani kunakuwa maji, huku ngozi inasimama katikati na kuzuia vipande viwili visiungane. Ndiyo maana wazo la kumimina aluminiamu ya masufuria juu ya sikio lililokatika halifai. Linaonekana limeshika vizuri, ukigonga na nyundo linatoka zima kama jino bovu.

Mtego mwingine ni rangi. Chuma kinakuwa chekundu kabla ya kuyeyuka, kinakuonya. Aluminiamu haikuonyi. Iko nyeupe, iko nyeupe, mara inaanguka chini, na tundu kubwa limebaki kwenye karteri. Tena joto linakimbia ndani yake upesi kuliko ndani ya chuma, kiasi cha mara tatu ao zaidi, basi mahali unapochomelea panabaki baridi huku karteri nzima inapata moto.

Kwa hiyo, kabla ya kumwachia fundi karteri yenu, mumuulize. Una bageti za aluminiamu? Mashine yako inatoa kurant kontini? Bageti hizo zinaomba kurant kontini, bageti ikiwa upande wa plus, na transfoma nyingi zilizosukwa kwa mkono zinatoa alternatif tu. (Mashine ya gesi ya argoni ni mambo mengine: yenyewe inachomelea aluminiamu kwa alternatif, na ndiyo inayotoa kazi safi zaidi, kama mnaipata.) Utapasha karteri moto kwanza? Akijibu «tutajaribu», mumshukuru na kurudi na karteri yenu.

Kama fundi anaijua kazi, mumpelekee karteri tupu: esansi na mafuta ya moteri yametolewa, na mipira ya kuzuia mafuta pamoja na beringi zimeondolewa. Karteri ya zamani imekunywa mafuta miaka mingi, basi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa. Ufa uchimbwe kwa tupa uwe mfereji wa V, kisha upigwe brosi ya inoksi ambayo haijagusa chuma kingine. Karteri ipashwe polepole paka tone la maji likianguka juu yake liruke na kukauka mara moja. Kisha kazi ifunikwe na majivu makavu ili ipoe polepole, kwa sababu ikipoa haraka inapasuka pembeni ya mahali palipochomelewa. Unga wa bageti za aluminiamu unakula aluminiamu yenyewe, hivyo lazima uoshwe siku ile ile kwa maji ya moto na brosi.

Onyo moja: kuna karteri, zaidi sana za misumeno ya moteri ya kupasulia mbao, zinazofanana na aluminiamu kumbe ni manyezi. Vumbi lake likishika moto linawaka mwanga mweupe mkali, na ukimwagia maji unazidisha. Kwaruza kidogo, tia tone la siki ya jikoni. Povu likitokea upesi, usipeleke moto hapo.

Njia tunayopendelea: pleki ya chuma

Kwa maoni yetu, sikio la moteri mara nyingi halihitaji moto hata kidogo. Mnaweza kuliacha livunjike, na kumpa chuma kazi yake. Njia hii haiombi umeme mwingi wala argoni. Inaomba pleki, mashine ya kutobolea, tupa, na mtu mwenye subira.

Pleki ya chuma ya milimita 6 ao 8, ao korniere nzito, inakatwa ili ishike buloni mbili ao zaidi ambazo ziko nzima kwenye karteri, kisha ifike paka kwenye tundu la shasi ambako sikio lilikuwa. Buloni moja haitoshi, kwa sababu pleki itazunguka juu yake. Tengeneza kwanza mfano wa kartoni nene, ukiwa umeweka moteri mahali pake pa kweli na mkanda umenyooka. Kartoni ikikubali, njo ukate chuma.

Mara nyingi buloni hizo nzima ni zile za kifuniko cha pembeni. Hapo kuna jambo linalovunja karteri nyingi. Pleki ina unene, basi buloni mpya inapaswa kuwa ndefu kuliko ya zamani kwa unene ule ule wa pleki, wala si zaidi. Tundu hilo halipiti upande wa pili. Buloni ndefu mno itafika mwisho wa tundu, fundi atadhani bado haijakaza, ataongeza nguvu, na karteri itapasuka. Tena fungua buloni moja tu kwa wakati, ili kifuniko kisiachane na jointi yake na mafuta yakaanza kuvuja.

Kwa mashine ya zamani, hakikisha buloni ni za namna gani. Mashine zilizotengenezwa Marekani ao Uingereza zinaweza kuwa na buloni za inchi. Buloni ya inchi 5/16 na ile ya milimita 8 zinafanana machoni, lakini uzi wake si mmoja. Itaingia mizunguko miwili kwa vidole, halafu itakataa. Ikikataa vidole, usiiletee kle. Ukilazimisha, utang'oa uzi wote wa aluminiamu.

Kama kisiki cha sikio kimebaki, kikate kwa tupa kiwe laini, bila pembe kali. Kama kuna ufa unaoendelea kuelekea karteri, tafuta mwisho wake (paka mazutu, futa, kisha paka chaki, mazutu itatoka kwenye ufa na kuchora mstari) na utoboe tundu dogo la milimita 3 pale unapoishia, ili usiendelee kutembea. Lakini usitoboe kamwe ukuta ulio na mafuta nyuma yake. Chembe moja ya aluminiamu ndani ya mafuta inaharibu beringi.

Ile kola ya sehemu mbili inayouzwa kwenye vibanda ina faida yake: kujaza mashimo chini ya pleki ili ikae sawasawa. Kuunganisha sikio haiwezi, maana moteri ikipata moto inalegea.

Kama ni uzi tu umekufa na sikio ni zima, toboa tundu lipite, weka buloni ndefu yenye rondeli pana na ekru upande wa pili, mahali panaporuhusu. Ni rahisi kuliko mambo mengine yote, na ina nguvu kuliko uzi wa kwanza. Paka grisi kidogo pale chuma kinapogusana na aluminiamu, kwa sababu maji yakikaa katikati ya hivyo viwili, aluminiamu inaliwa.

Kurudisha kazini

Ingiza buloni zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kidogo kidogo kwa kuvuka kona kwa kona. Washa moteri nusu saa bila meno kugusa udongo. Zima, ngoja ipoe kabisa, kaza tena. Aluminiamu inapanuka kwa moto karibu mara mbili kuliko chuma, basi buloni iliyokazwa mara ya kwanza itakuwa imelegea kidogo. Fanya vile vile jioni ya siku ya kwanza ya kulima.

Kisha chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya kichwa cha buloni na pleki. Asubuhi, kabla ya kutia esansi, anayechukua mashine anatazama ile mistari. Kama umeachana, buloni imezunguka, na mashine haitoki paka ikazwe. Urefu wa kila buloni na namna ya uzi wake uandikwe kwenye daftari la mashine, ili fundi atakayefungua mwakani asibahatishe.