Moshi wa zizini na mtoto mwenye pumu



Ukimfungia ndama kwenye banda lililozibwa pande zote, samadi haijazolewa na mkojo umetuama, unajua kitakachofuata: haziishi siku nyingi ataanza kukohoa. Hilo huhitaji kufundishwa na afisa mifugo. Leo tuzungumze juu ya mtoto, au bibi, mwenye pumu anayelala hatua chache kutoka banda hilohilo. Hewa anayovuta ndama ndiyo hiyohiyo inayoingia dirishani kwake.

Wafugaji waliotoka bara wamezoea boma la wazi, upepo unapita. Hapa Kipawa na kuelekea mnada wa Pugu, ukuta wa jirani ndio ukuta wa zizi. Vumbi la malori ya ng'ombe, moshi wa mkaa na wa taka zinazochomwa jioni, vyote vinaishia vyumbani.

Mwenye pumu ana njia za hewa zilizovimba ndani ya mapafu, na nyepesi kushtuka. Zikikutana na moshi, vumbi, harufu kali au mafua, hubana na kujaa makohozi. Ndipo unasikia kifua kinalia kama filimbi, hasa usiku na alfajiri. Aliyeona homa ya mapafu ya ng'ombe ikipita kwenye kundi ana sababu ya kuogopa kila kikohozi, lakini pumu haiambukizi. Mtoto ale na wenzake na alale na wenzake.

Jioni moja niliitwa kumtazama mbuzi kwenye kaya moja ya jirani. Samadi kavu ilikuwa inafuka mlangoni mwa zizi kufukuza mbu. Mtoto wa miaka kama minane alikaa ukutani, mabega juu, anavuta pumzi kwa mdomo. Nilipouliza, mama akasema, "Huyo kashazoea." Hakuwa amezoea. Alikuwa amechoka. Baba naye akaniambia, "Afisa, tusipochoma, ng'ombe hawalali." Na kweli, mbu wa huku wanajulikana.

Hatukuzima moto, tuliuhamisha. Kipindi cha kusi upepo unatoka kusini, kwa hiyo moto ukae kaskazini mwa nyumba, moshi uende zake. Kaskazi ikiingia, kuanzia mwezi wa 12 hivi, uhamishie upande wa pili. Ng'ombe nao wafungwe upande huohuo wa moto, wapate moshi wao. Mtoto alale chumba kilicho mbali na zizi, ndani ya chandarua, maana chandarua kinazuia mbu bila kufuka moshi.

Banda lenyewe lipime hivi: ingia asubuhi kabla halijafagiliwa, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa pua ya ndama, kaa kidogo. Macho yakiwasha, hewa hiyo haifai kwa ndama wala kwa mtu. Zoa samadi kila siku na lundo liwe mbali na madirisha. Mkojo upate mfereji wa kutokea. Sehemu ya juu ya ukuta iache wazi. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia. Nyasi zilizoota ukungu, zile zinazotoa vumbi jeupe ukizikung'uta, usizilete nyumbani hata ukipewa bure. Mwenye pumu asipewe kazi ya kufagia banda, kupepeta pumba wala kukung'uta nyasi. Kuchunga kwenye hewa safi anaweza, akiwa na dawa yake mfukoni.

Siku ya kuogesha mifugo awe mbali kabisa. Baadhi ya dawa za kupe, hasa za jamii ya oganofosfeti, zinaweza kubana kifua hata cha mtu mzima mwenye afya. Anayepulizia avae barakoa na asimame upepo unakotoka.

Jikoni, mkaa unadanganya kwa kuwa moshi wake ni mdogo. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu usingizini. Pikieni nje au kwenye kibanda kilicho wazi. Anayeweza kununua gesi, kifua cha mwenye pumu kitapata nafuu.

Sasa jambo linalonisumbua zaidi. Nimekuta watu wanachomwa sindano ya oksitetrasaiklini ya ng'ombe kwa sababu ya kifua. Acheni. Dawa hiyo haitibu pumu, na kipimo chake ni cha mnyama. Mwenye pumu anahitaji inhela, ile pampu ndogo ya kuvuta kwa mdomo. Ya salbutamoli hufungua kifua kikibana. Anayebanwa mara kwa mara hupewa na daktari nyingine ya kuzuia, ambayo hutumika kila siku hata akijisikia mzima. Inhela si dawa ya anayekaribia kufa, wala haimfanyi mtu teja.

Mtoto akishindwa kuvuta vizuri, tumieni chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke bila kuifuta, kisha toboa kitako kwa waya wa moto mpaka mdomo wa inhela uingie bila kupwaya. Mtoto anavuta kwenye mdomo wa chupa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Akibanwa, mkalishe wima, usimlaze. Mtoe kwenye moshi. Puliza mara moja, avute pumzi nne, rudia hadi mipulizo minne, kisha subiri dakika nne. Asipopata nafuu, rudia mkiwa njiani kwenda hospitali. Ukiona hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani au midomo inageuka rangi, usisubiri dakika hizo. Chukua bodaboda au bajaji hata saa nane ya usiku, mwende Hospitali ya Amana au kituo chochote kilicho karibu zaidi, inhela mkononi.