Jina Likishatoka Gazetini

Juma hili nataka tulitazame swali ambalo watu huulizana kila habari hizi zinapotangazwa: inakuwaje mtetezi wa haki za mashoga apewe hifadhi ugenini kama mkimbizi, na kwao hakuna vita?

Twende Uganda. Mnamo Oktoba 2, 2010 kijigazeti cha Kampala kilichojiita Rolling Stone (si lile la Marekani) kilichapa picha na majina ya watu kilichodai ni mashoga, na juu yake maneno ya kutaka wanyongwe. Mwanaharakati David Kato na wenzake wawili walikishitaki, wakashinda Januari 3, 2011. Kila mmoja alipewa fidia ya shilingi milioni moja na nusu za Uganda. Siku 23 baadaye Kato alipigwa nyundo nyumbani kwake, akafa. Polisi walisema kifo hicho hakikuhusiana na harakati zake. Wenzake, nadhani mnaelewa, hawakulala usingizi.

Mmoja wa wanaharakati hao ni John Abdallah Wambere. Magazeti yalikwisha mwanika, akatishiwa kuuawa. Februari 2014 alikuwa Marekani wakati Rais Museveni alipotia saini sheria kali dhidi ya ushoga. Kesho yake gazeti la Red Pepper likatoa orodha ya watu 200. Wambere hakurudi. Aliomba hifadhi, na Septemba mwaka huo akakubaliwa.

Sasa sheria inasemaje? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 haudai vita. Unadai hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, maoni ya kisiasa, au kuwa mtu wa kundi fulani katika jamii. Mashoga huingia hapo pa mwisho. Marekani ililikubali hilo rasmi mwaka 1994. Lakini mtu hapewi kwa kusema tu. Lazima alete ushahidi, na huko Marekani apeleke ombi lake kabla mwaka haujapita tangu aingie.

Uingereza maofisa walikuwa na jibu lao: rudi kwenu, ukaishi kimya kimya. Julai 2010 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililikataa jibu hilo, katika kesi ya Muirani mmoja na Mkameruni mmoja. Nami nauliza, aliyeuzwa picha yake kwa wachuuzi wa magazeti mji mzima, huo ukimya ataupata wapi?

Mtaniambia kwamba sheria ile ya Uganda ilifutwa na Mahakama ya Katiba Agosti 1, 2014, kabla Wambere hajajibiwa. Ni kweli. Ila ilifutwa kwa kuwa akidi ya wabunge haikutimia wakati wa kuipitisha, na kifungo cha maisha kilichokuwapo kabla yake kikabaki palepale. Mei 2023 ikaja sheria nyingine, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Aprili 2024 mahakama hiyo hiyo ikaiacha sehemu yake kubwa isimame.